Siku Ambayo Majembe Hayakutoka

Barua ilinikuta kwenye foleni ya maji, Mpumudde, mtaa wa Jinja, ndoo yangu ikiwa tayari chini ya bomba. Simu ilitikisika mfukoni, nikaitoa kwa vidole vilivyolowa, nikasoma mstari wa kwanza. Chuo kikuu kimoja cha Ufini kilikuwa kimenikubali kwa muhula mmoja, kuanzia Januari, kusoma fasihi na uandishi. Nauli na chumba vilikuwa juu yao. Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu, polepole, kama mtu anayekanyaga ubao kwa mguu mmoja kabla ya kuuamini kwa miguu yote miwili.

"Dada," mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akasema, "maji inamwagika. Unasoma nini hapo, kifo ama harusi?"

"Safari."

"Basi ondoa ndoo kwanza, ndiyo usafiri."

Niliondoa ndoo. Nilifika nayo chumbani ikiwa nusu, maana njia nzima nilikuwa natembea bila kuangalia chini.

Wiki ile niliiona Jinja kana kwamba mtu ameifuta vumbi. Nilisimama juu ya daraja nililokuwa nimelivuka mara nyingi mno, nikautazama mto ukitoka ziwani kwa haraka ya mtu aliyeitwa. Niliwatazama wale korongo wenye vipara wanaokaa juu ya mapaa ya mji, wakubwa, wachafu, wasio na aibu, nikahisi kwamba hata wao nitawakumbuka. Jioni nilisoma karatasi za chuo. Walikuwa wamenieleza chumba changu: kitanda, meza, rafu, na taa. Haikuwa taa ya kusomea. Ilikuwa taa ya kukaa mbele yake asubuhi kwa nusu saa, kwa sababu wakati huo wa mwaka jua la kwao huchungulia mchana kidogo, kisha linaondoka. Mimi nimezaliwa karibu na mstari wa ikweta, mahali ambapo jua hutoka kila siku saa ile ile, lipendwe au lisipendwe. Sikuwahi kujua kwamba kuna mahali mgeni hupewa ufunguo wa chumba na kipande cha jua pamoja.

Nilianza kutafuta nguo za baridi. Katika soko la mivumba, nguo za mitumba kama wasemavyo wengine, nilipata koti zito la rangi ya makaa, lenye kofia na manyoya shingoni. Nilipolivaa jasho lilinitoka papo hapo, na wauzaji wa jirani walisimama kutazama. Muuzaji, kijana wa mtaa wa Walukuba mwenye sindano ya cherehani mdomoni, alinizunguka mara mbili.

"Dada, hili koti chukua tu," alisema. "Hili halitaki viza. Linarudi kwao."

Tulicheka wote. Nilikuwa sijajua bado kwamba kati yangu na koti, ni koti lililokuwa na karatasi nzuri zaidi.

Ofisi ya viza Kampala ilitaka cheti cha kuzaliwa. Sikuwa nacho. Nilikuwa na kitambulisho, pasipoti na vyeti vya shule, vyote vyenye tarehe moja, lakini cheti chenyewe cha kuzaliwa hakuna aliyewahi kunidai. Nikampigia mama, naye akatoa kwenye kopo lake la biskuti karatasi ndogo ya kliniki nilikozaliwa, akaituma na dereva wa basi kutoka Mbale. Kwa karatasi hiyo nikaandikishwa, nikapewa cheti kipya chenye muhuri, nikakibeba hadi Kampala bila hata kukisoma, nikiwa nimekiweka ndani ya kitabu kisikunjike.

Karani wa viza alikiweka kando ya pasipoti yangu. Alitazama huku, akatazama kule.

"Hapa naona watu wawili," alisema. "Huyu wa cheti amemtangulia huyu wa pasipoti kwa siku tatu. Nani kati yenu anasafiri?"

Nilifungua kalenda ya simu pale pale dirishani. Mtu wa cheti alizaliwa Jumanne. Mtu wa pasipoti alizaliwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Karani hakuwa mbaya. Alinieleza mara mbili. Mzazi aliyejaza fomu zangu za kwanza, yaani yule aliyeandika Ijumaa na kutia sahihi, aende mbele ya wakili wa viapo, aape ni tarehe ipi ya kweli, na aeleze kwa nini ile nyingine iliandikwa. Nilikuwa na siku kumi na nne. Zikipita, faili langu litafungwa, na chuo kitampa nafasi yangu mtu anayefuata kwenye orodha.

Aliyeandika Ijumaa ni baba. Nilishukuru moyoni. Nilidhani nimepewa kazi nyepesi.

Baba yangu alikuwa askari wa magereza hadi alipostaafu. Sasa anaishi Mbale, chini ya miamba ya Wanale, katika nyumba ya matofali yenye migomba mbele na kahawa nyuma. Ni Mgisu wa pale pale. Mama ni wa kaskazini, Mlango, yaani wa kabila la Walango. Walikutana katika kambi ya magereza, na lugha waliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili, basi ndiyo iliyobaki nyumbani. Najua watu wengi wa Jinja wanaosikia Kiswahili wakakumbuka buti na bunduki za wanajeshi. Mwenye duka ninakonunua chumvi hunyamaza kidogo nikipokea simu ya mama mbele yake. Kwangu mimi ilikuwa lugha ya uji, ya kusukwa nywele, ya kuambiwa nivute blanketi. Ndiyo maana naandika kwayo. Sikuichagua, niliikuta imeshatandika kitanda.

Baba hupiga viatu vyake rangi kila asubuhi, hata siku ambayo hatoki. Huamka kwa filimbi ambayo hakuna anayeipuliza. Tukikaa kula, hutupitia kwa macho mmoja mmoja, midomo ikisogea kidogo, kisha ndipo anashika posho, ugali wa huku. Ukutani, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi, ametundika cheti chake cha kustaafu, kinachosema alitumikia kwa uaminifu.

Na kulikuwa na mzaha mmoja. Tangu utoto wangu, kila askari wa zamani aliyekutana naye njiani alimwita kwa mbali: "Afande, funguo iko?" Baba aligonga mfuko wa suruali mara moja, bila kucheka, akapita. Sisi watoto tulidhani ndiyo salamu ya magereza. Tulisalimiana hivyo kambini tukicheza, mmoja akiuliza, mwingine akigonga mfuko.

Nilifika Mbale mchana. Nilimpa karatasi zote mbili, nikasema ni jambo dogo. Alizipeleka nje kwenye mwanga. Alizishika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo yalivyohitaji.

"Ijumaa," alisema. "Andika Ijumaa."

"Baba, kliniki iliandika Jumanne."

"Nesi alikosea."

"Sawa. Basi twende mjini kesho uape hivyo, kwamba nesi alikosea. Itatosha."

Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo akiwa mpole huniita mama, na siku ile aliniita kwa upole ulionitisha.

"Mama," alisema, "mimi nilikula kiapo mara moja tu, siku ya kumaliza mafunzo. Moja inatosha."

Akanirudishia karatasi, akachukua panga, akaenda kutengeneza ua.

Ua ulikuwa mzima. Alitengeneza siku ile, akatengeneza na kesho yake. Aling'oa nguzo zilizosimama vizuri, akazichimbia upya hatua moja pembeni. Nilimpelekea chai, akashukuru, akaniuliza habari za bei ya sukari Jinja. Nikitaja wakili, alipiga nyundo. Siku ya tatu niliketi jikoni na mama, nikiwa nimebakiwa na siku tisa, nikimsaidia kusafisha malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo watu wa huku hupika na karanga.

"Yeye hawezi kuapa uongo," mama alisema bila kuinua kichwa. "Na ukweli hawezi kusema. Ndiyo anajenga ua ambao haujaanguka."

"Kwa hiyo ulinizaa Jumanne?"

"Mimi nilizaa siku ile nilizaa. Nilikuwa kwenye toroli. Nani anaangalia kalenda kwenye toroli?"

Nikaacha malewa. "Toroli gani, mama?"

Mama alifunika sufuria. Alitazama dirishani, mahali nyundo ilipokuwa ikisikika.

"Hiyo si hadithi yangu kuitoa," alisema. "Enda Buwenge. Unajua lile gereza la shamba tulikaa wakati wewe mdogo. Sajini wa lango amestaafu, ana duka pale senta. Kila kitu kilipita kwenye lango yake aliandika, hata kuku. Mwambie nataka kitabu."

Sajini wa lango alikuwa mwanamke. Nilimkuta siku ya soko, nyuma ya meza ya duka lake, kati ya sabuni za mche na mifuko ya chumvi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimsalimia kwa heshima, na kabla sijajieleza aliinua kidole.

"Ngoja. Hilo paji la uso nalijua. Wewe ni mtoto ya Afande wa stoo." Akainama kunikaribia. "Funguo iko?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Niligonga mfuko wa sketi, mara moja, bila kucheka.

Sajini alicheka hadi akashika meza. Wateja waligeuka. Alipanguza macho, akatoa miwani, akaivaa tena.

"Na yeye bado anafanya hivyo?"

"Bado."

"Maskini. Hata leo." Alisikiliza habari yangu yote: barua, viza, Jumanne na Ijumaa, ua. Kisha akaanza kufunga duka katikati ya siku ya soko. "Mimi nikikuambia kwa mdomo utasema ni maneno ya mama mzee. Twende usome."

Tulitembea hadi gerezani. Mkuu wa kituo wa sasa ni afande kijana, aliyekuwa bado shuleni siku hizo nilizozifuata. Alimsalimia sajini kwa kukaza miguu, ingawa sajini alikuwa na kanga na ndala. Alinisikiliza, akafikiri, akakubali: nisome mbele yake, nisipige picha, ninakili kwa mkono ukurasa unaonihusu mimi tu. Vitabu vya zamani vya lango vilikuwa vimewekwa kwenye stoo ya zana za shamba. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari ofisini, na sajini alipoutazama alibana midomo.

Ndani mlikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na udongo mkavu. Majembe yalipangwa ukutani, makali juu, mamia ya alama za viganja kwenye mipini. Vitabu vilikuwa juu ya magunia ya mbegu. Mchwa walikuwa wamepita. Kitabu cha mwaka wangu kilikuwa kimeliwa jalada na kurasa za mwanzo, na nilipokuwa nafunua, vumbi jekundu likimwagika mapajani, niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya karani. Kisha kurasa zikaanza kuwa nzima. Mwandiko ulikuwa mmoja, mnyoofu, wa kalamu ya buluu. Kuku wawili wa afande mkuu wameingia. Gari la mahindi limetoka. Jumatatu. Jumanne.

Nilinakili kama yalivyo, na ninayaweka hapa kama yalivyo:

"Saa mbili na nusu. Askari wa stoo ametoka langoni anakimbia. Anasukuma toroli ya shamba, ndani iko mke yake, anazaa. Amefunga stoo na ameenda na funguo. Ruhusa nimempa mimi.

"Saa tatu. Majembe hazijatoka. Wafungwa wamekaa mstari.

"Saa tano. Majembe hazijatoka.

"Saa sita na robo. Askari amerudi na funguo. Mtoto ni msichana. Wafungwa wamepiga makofi. Majembe zimetoka."

Chini yake kulikuwa na sahihi ya mkuu wa kituo wa wakati ule, ya wino mweusi, na neno moja: "Sawa."

Nimesoma vitabu vingi nikitafuta jinsi watu wanavyoanza hadithi. Nimefuta mianzo yangu mwenyewe usiku na mchana. Nikiwa nimekaa juu ya gunia la mbegu, mchwa kwenye sketi, nilikuwa nimeshika sentensi ya kwanza iliyowahi kuandikwa juu yangu duniani, na iliandikwa kabla sijawa na jina, kabla sijawa hata na pumzi. Niliingia kwenye maandishi kabla ya kuingia kwenye hewa. Kulikuwa na mtu langoni mwenye kalamu. Kulikuwa na mistari ya watu waliofungwa, wamekaa juani bila kazi kwa sababu yangu, na walipoambiwa sababu walipiga makofi, watu ambao hawakuwa na kitu kingine cha kunipa. Sikulia. Niliweka kiganja juu ya ukurasa ule, kama mtu aliyefunguliwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kipo.

Kisha nikauliza. "Sajini, ulimpa ruhusa kweli?"

"Nilimpa! Nilipiga kelele: Ruhusa!" Alinyoosha mkono kuelekea barabara, kana kwamba bado anamwona. "Lakini alikuwa ameshapinda kona."

"Hakusikia?"

"Mtu anasukuma mke kwa toroli, mke anamtukana kwa Kilango, atasikia nini?" Afande kijana alikohoa kuficha kicheko. "Na ile ya kufunga stoo ndiyo ilitumaliza. Alitoa toroli, akageuka, akafunga kufuli, akajaribu kama imeshika. Mke anazaa! Askari ya kweli. Alikumbuka kufunga, akasahau kuacha funguo."

"Na baadaye hukumwambia kwamba uliandika ruhusa?"

Sajini alikaa kwenye gunia kando yangu.

"Nilingoja aulize. Hakuuliza. Alianza kupita kwenye lango anaangalia chini. Kitabu yangu alikuwa anaiogopa kama nyoka. Watu wakamchokoza na funguo, na yeye akadhani wanamwambia ameandikwa. Baada ya wiki mbili mimi nikahamishwa, na niliporudi nyinyi mlikuwa mmeenda. Afande mkuu alisoma Jumatano, akacheka, akatia sahihi, imeisha." Alifunga kitabu taratibu, akakipangusa kwa kanga. "Kesi ilikuwa imefungwa. Ni yeye tu alibaki ndani."

Nilirudi Mbale na daftari kifuani. Baba alikuwa amebakiza upande mmoja wa ua na alikuwa akitia lango jipya la mbao. Sikumwambia nilikuwa wapi. Nilisimama mbele yake nikafungua daftari, nikasoma kuanzia saa mbili na nusu hadi majembe yalipotoka.

Nyundo ilikuwa hewani nilipoanza. Sijui aliishusha lini.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Pale pa ruhusa."

"Ruhusa nimempa mimi."

"Nani ameandika?"

"Sajini wa lango, baba."

"Na sahihi ya afande mkuu iko?"

"Iko. Ameandika 'Sawa'."

Alikaa juu ya rundo la mbao. Mama alikuwa ametoka jikoni na kusimama mlangoni, mikono ina unga, asikaribie. Juu yetu, kwenye miamba ya Wanale, maporomoko ya maji yalikuwa yanaonekana kama nyuzi, maana mvua ilikuwa imenyesha milimani. Baba aliyatazama hayo.

"Walipiga makofi," alisema mwishowe. "Hiyo nakumbuka. Mimi nilidhani wananicheka."

Akanieleza yaliyobaki, kwa sentensi fupi, kama anayetoa taarifa. Alikuwa ameapa asiache lindo, na alikuwa ameliacha. Alingoja kuitwa mbele ya mkuu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipopewa fomu ya kwanza yenye jina langu, aliona kwamba ikisema Jumanne, mtu yeyote anaweza kuilinganisha na orodha ya zamu akajua alikuwa wapi saa za kazi. Akaandika Ijumaa. Mtu aliye mapumzikoni hawezi kuacha lindo. Baadaye fomu ya pili ikapaswa kufanana na ya kwanza, na ya tatu na ya pili.

"Nilikuhamisha siku," alisema. "Mtoto wa watu. Nikakuhamisha kama askari."

Mama, mlangoni, akasema: "Na keki zote tukakata siku si yake."

"Keki gani? Tulikuwa na keki?"

"Mandazi, basi."

Ndipo baba akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka juu ya ufunguo.

Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani na shati jeupe, tai, na viatu ambavyo ungeweza kujiangalia ndani yake. Ofisi ya wakili wa viapo ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, si mbali na mnara wa saa. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka. Alituonyesha viti. Baba alibaki wima, mikono imenyooka mapajani.

"Mzee, kaa."

"Kiapo hakikaliwi, mheshimiwa."

Alitamka yote kwa Kiswahili chake cha kambini, naye wakili akiandika kwa Kiingereza kwenye kompyuta. Alipomaliza alitusomea, akitafsiri: kwamba mtoto alizaliwa Jumanne, kwamba baba aliandika Ijumaa kwa kosa lake mwenyewe kwa sababu za zamu ya kazi, kwamba wote wawili ni mtu mmoja.

"Umeacha majembe," baba alisema.

"Mzee, hawa watu wa viza hawahitaji majembe."

"Andika. Wafungwa walikaa bila majembe toka saa mbili na nusu mpaka saa sita na robo, kwa sababu funguo ilikuwa na mimi. Kama ni kuapa, naapa yote. Sitaki tena kitu kibaki nje."

Wakili alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Aliandika. Baba akainua mkono wa kulia, sauti yake ikajaza kile chumba hadi muuza vitambaa wa chini akatoka nje kuangalia. Nilimtazama mtu huyu, aliyebeba Jumanne yangu mfukoni maisha yangu yote kama ufunguo aliosahau kuurudisha, na nikaona mabega yake yanavyoshuka kidogo, kidogo tu, baada ya neno la mwisho.

Karani wa Kampala alikisoma kiapo mara mbili. Alimwita mwenzake, wakakisoma pamoja, vichwa vimegusana. Hakuniuliza lolote. "Sasa mko mmoja," alisema, akagonga muhuri wa kupokea. Pasipoti ilirudi wiki tatu baadaye ikiwa na viza ndani. Mahali fulani katika ofisi za Ufini, kwenye faili lenye jina langu, kuna mstari unaosema majembe hayakutoka. Mara nyingine hilo linanishangaza kuliko theluji.

Nilirudi Mbale kuaga. Mama alifunga malewa na karanga za kusaga kwa karatasi tatu tatu, akavitia katikati ya lile koti la makaa ili visivunjike. Nilimwambia huko watakagua. "Wakague," alisema. "Waonje."

Asubuhi ya kuondoka, jua lilitoka saa ile ile ya siku zote. Nilisimama uani nikalitazama kwa adabu, kwa kuwa nilikuwa naenda mahali lisikojua kufika. Baba alitangulia hadi kwenye lango lake jipya la mbao. Alifungua kufuli, akatoa ufunguo, akautazama kiganjani, akautundika kwenye msumari wa nguzo, mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona. Kisha akasimama kando ya lango, viatu vimeshikana, macho mbele.

"Toka," aliniambia. "Ruhusa nimekupa mimi."

Nilivuta begi. Nilipokuwa bado upande wa ndani, kabla hata ya gurudumu kugusa barabara, nilisimama nikamjibu kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

"Nimesikia, afande."